Tamko la Uhai wa Sajini Hemedi

Kuna nchi iitwayo Shwari. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani za Shwari ni siri ya jeshi, na mwalimu wa mwisho wa jiografia aliyechora mipaka yake ubaoni bado anahojiwa. Ni nchi nzuri. Ina misimu miwili ya mvua, ina Amiri Mkuu mmoja wa maisha, na haijapigana na mtu yeyote kwa miaka thelathini na moja. Jeshi lake limekaa mpakani miaka yote hiyo likihakikisha kwamba halipigani.

Mimi ni karani wa Mahakama ya Kijeshi. Kazi yangu ni kuandika kila linalosemwa mahakamani, kisha kufuta yale ambayo Mwenyekiti ameamuru yawe hayakusemwa. Nimeifanya kwa miaka kumi na tisa, na mkono wangu ni mwepesi kwa yote mawili. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mimi ni mtu wa serikali na sina kinyongo na yeyote. Ukiona mahali fulani nimeshindwa kuendelea, jua ni mafua.

Habari yenyewe inahusu barua ya mistari michache.

*

Kwanza lazima nieleze kwamba mwanajeshi wa Shwari hafi. Nchi haina vita, sasa afe kwa nini? Jambo hili liliwekwa wazi na Makao Makuu kwa waraka. Askari akipatwa na jambo la kumzuia kupumua, huandikwa daftarini kuwa yuko "kazini kwa muda mrefu", na familia yake hupelekewa salamu. Wapo walio kazini kwa muda mrefu tangu mimi sijaoa, na wanne kati yao wameshapandishwa cheo.

Sajini Hemedi Lukuba alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha mpakani kiitwacho Kilima Nane, yeye na askari sita. Mwezi wa pili, boza lililokuwa likiwapelekea maji lilichukuliwa kwa siku kumi na moja ili kumwagilia uwanja wa gwaride, kwa kuwa Amiri Mkuu alikuwa anakuja na vumbi humkera. Uwanja ulilowa vizuri, hata magazeti yaliandika. Kule Kilima Nane, Sajini Hemedi aliyagawa maji yaliyobaki kikombe kwa kikombe, na zamu yake ilipofika akawa anawapa askari wake, akiwaambia yeye ameshakunywa. Siku ya tisa hakuamka.

Msaidizi wake, Koplo Shomari Ngwali, ndiye aliyemhudumia. Maji ya kumwosha hayakuwepo, kwa hiyo alimtayamamisha kwa mchanga, akamsalia pamoja na wenzake, akamchimbia kaburi kwa sepeto la kituo. Kisha alitoa taarifa kwa simu ya upepo, na Makao Makuu yakajibu siku hiyohiyo kwa neno la pole na maelekezo: kazini kwa muda mrefu.

Koplo Shomari hakutosheka na maelekezo. Akamwandikia mke wa marehemu. Nisamehe, nilitaka kusema mke wa Sajini.

"Shemeji Mwanahawa," aliandika, "nakuandikia ili usikae unamsubiri. Hemedi amefariki tarehe tisa, alfajiri. Nimemlaza kama inavyotakiwa, kichwani nimeweka mawe matatu. Hakupata tabu mwishoni. Mwambie mama kuwa alimtaja. Mimi nduguyo, Shomari."

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kwa sababu za kikazi. Kila nikifika pale anaposema hakupata tabu, naona kalamu ilisita, wino umeganda mahali pamoja.

*

Barua ilipofika mjini, Mwanahawa alimsomea mama mkwe wake, Bi Chausiku, mwanamke wa makamo aliyekuwa amebakiwa na mtoto huyo mmoja tu duniani. Kilio kikasikika mtaa mzima. Majirani wakaja, turubai likafungwa, sufuria zikaazimwa, Bi Chausiku akatandikiwa godoro sebuleni, na Mwanahawa akaingia eda. Kwa kifupi, nyumba moja katika Jamhuri ya Shwari ikawa inamlilia mtu ambaye serikali ilikuwa na hakika yuko kazini.

Jambo la namna hiyo haliachwi hivihivi. Siku ya pili ya matanga walikuja waombolezaji watano wenye kanzu na kofia, wamebeba kilo ishirini za mchele. Walisema ni marafiki wa Hemedi. Mkubwa wao alikuwa Sajinitaji Mboneko wa Kikosi cha Upelelezi, lakini hilo hawakulisema. Walilia na waliolia. Waliteka maji, wakasugua sufuria, na mmoja wao alisifiwa na wapishi kwa jinsi anavyokata vitunguu. Siku ya tatu, hitima ikisomwa na watu wote wameinamisha vichwa, Sajinitaji Mboneko alinyanyuka taratibu, akaingia chumbani kwa Mwanahawa, akaitoa barua chini ya mto. Alirudi mkekani akawahi kuitikia amina.

Wiki iliyofuata Koplo Shomari alikamatwa. Shtaka lake lilikuwa kutoa siri ya kijeshi kwa mtu asiyehusika. Mtu asiyehusika ni mke. Adhabu ya kosa hilo ni kupigwa risasi, na baada ya kupigwa risasi, bila shaka, naye angeandikwa kuwa yuko kazini kwa muda mrefu.

*

Mahakama yetu ina maofisa watatu, na wawili kati yao huwa hawasemi. Anayesema ni Mwenyekiti, Brigedia Ndomba, mtu mwenye sauti ya upole na medali za mbio za kupokezana vijiti. Upande wa mashtaka alisimama Meja Pazi, ambaye hajawahi kushindwa kesi na ameshaisahau hofu ya kushindwa. Upande wa utetezi alisimama Luteni Esta Kisanji, mwanamke mfupi aliyetoka chuo mwaka uliotangulia. Alipewa kesi hiyo kwa kuwa maofisa wote wenye uzoefu waliugua tumbo asubuhi moja.

Shahidi wa kwanza alikuwa Sajinitaji Mboneko.

"Ulipofika kwenye nyumba hiyo ulifanya nini?" Meja Pazi aliuliza.

"Nililia, afande."

"Kwa muda gani?"

"Saa mbili na dakika arobaini, afande, ukijumlisha siku zote mbili. Amri ilikuwa saa mbili kamili."

Brigedia Ndomba aliinua macho. "Hizo dakika arobaini za ziada alikuamuru nani?"

Sajinitaji Mboneko aliutazama mkono wake wa kulia. Ni mtu mpana, mwenye shingo nene.

"Mama wa yule Sajini alinishika mkono, afande. Akaniuliza kama nimekula."

Brigedia aliamuru maneno hayo yafutwe. Niliyafuta kwa kifutio cha kichwani mwa kalamu yangu ya risasi, vizuri kabisa, na ukurasa ule hauonyeshi alama yoyote. Nayaandika hapa kwa sababu yamekataa kunitoka.

Kisha ikawa zamu ya Luteni Esta. Sasa hapa msomaji wa nchi nyingine anaweza kuchanganyikiwa. Katika mahakama yetu ofisa mdogo haruhusiwi kumpinga mkubwa, kwa kuwa kumpinga ni kusema amekosea, na mkubwa hakosei. Hata hivyo sheria inampa mshtakiwa haki ya kupinga ushahidi uliopatikana isivyo halali. Ili haki na adabu zikae nyumba moja, wakubwa wetu walibuni utaratibu uitwao pongezi za masikitiko. Mtetezi haandiki pingamizi. Anasimama wima na kuupongeza upande wa mashtaka, huku akisikitika. Watetezi wengi hufika kwenye pongezi wakaishia hapo, wakapewa chai.

"Afande Mwenyekiti," alisema Luteni Esta, "naomba kumpongeza Sajinitaji Mboneko kwa masikitiko makubwa. Nampongeza kwa kuingia chumbani kwa mwanamke aliye edani bila hati ya upekuzi. Nampongeza kwa kuichagua saa ya dua. Nawapongeza na wenzake kwa mchele. Ningeishia hapo, afande, kama si Kifungu cha Arobaini na Moja."

Mshauri wa sheria wa mahakama akakimbilia maktaba, kwa kuwa hakuna aliyekikumbuka.

Kifungu hicho kipo. Kiliwekwa na Amiri Mkuu wa kwanza, wiki aliyofiwa na mama yake, na inasemekana alikiandika mwenyewe akiwa amekaa sakafuni. Kinasema hivi: nyumba yenye msiba haitapekuliwa mpaka arobaini ipite, na kitu kitakachochukuliwa humo hakitapokelewa na mahakama yoyote ya Shwari, hata kama ni cha kweli. Katika vitabu vyetu vyote, hicho ndicho kifungu pekee ambacho nikikisoma namwona mtu nyuma yake.

"Kwa masikitiko hayohayo," Luteni akamalizia, "naomba barua irudishwe ilikotolewa, chini ya mto."

Barua ikitoka, kesi haina kitu. Koplo Shomari hakuwa amekiri neno. Nilimtazama pale kizimbani, kijana mrefu aliyekonda, vidole vyake bado vina makovu ya sepeto. Kwa mara ya kwanza aliinua kichwa.

*

Meja Pazi hakubabaika. Alifungua daftari kubwa la kijani.

"Afande Mwenyekiti, napokea pongezi. Lakini nauliza, msiba wa nani? Hili ni daftari la jeshi. Sajini Hemedi Lukuba yuko kazini. Mwezi uliopita amekaguliwa viatu akapata alama themanini na tisa kwa mia."

"Alama nzuri," alisema Brigedia.

"Sana, afande. Sasa mtu wa alama themanini na tisa anafiwaje?"

Luteni Esta aliomba Mwanahawa aitwe. Akaingia na nguo zake nyeupe za eda, mwembamba, ameshikilia upindo wa mtandio kwa vidole viwili. Nyuma yake Bi Chausiku aliongozwa hadi benchi la mwisho, maana macho yake yalikuwa yamevimba hata haoni njia.

"Nyumbani kwako kulikuwa na msiba?" Luteni aliuliza.

"Mpaka leo upo."

Meja Pazi akasimama. "Bibi, ulimwona mumeo akiwa amekufa?"

"Sikumwona."

"Jeshi lilikwambia amekufa?"

"Halikuniambia. Liliniletea salamu."

"Basi ulijuaje?"

"Kwa barua."

"Barua ipi?"

Mwanahawa alinyoosha kidole. "Hiyo uliyoishika."

"Hii ambayo mtetezi anataka itoke mahakamani isionekane?" Meja Pazi aliwageukia maofisa. "Afande Mwenyekiti, barua ikitoka, mwanamke huyu hana ushahidi wa msiba. Asipokuwa na msiba, nyumba yake ilikuwa nyumba ya kawaida yenye wageni wengi, na upekuzi wetu ulikuwa halali. Na kama ulikuwa halali, basi barua inaingia."

Nilikuwa nikiandika kwa kasi, na nakiri kwamba nilipofika mwisho wa sentensi niliona imekamilika na haina tundu. Mwanahawa alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, mimi nimefiwa."

Meja Pazi ana umri wa kumzaa. Brigedia akaamuru hilo pia lifutwe.

Uamuzi ulisomwa kabla ya chakula cha mchana. Hakuna kifo, kwa hiyo hakuna msiba. Hakuna msiba, kwa hiyo upekuzi ulikuwa halali. Barua ikapokelewa, nikaigonga mhuri. Kuhusu Sajinitaji Mboneko, mahakama iliona kwamba alilia mahali pasipo na sababu, jambo lisilokatazwa na sheria yoyote.

*

Wengi walidhani mambo yameisha. Luteni Esta akasimama tena, mikono imenyooka ubavuni.

"Afande Mwenyekiti, naipongeza mahakama. Safari hii sina masikitiko. Mahakama imeamua kwamba Sajini Hemedi yu hai. Barua inasema amekufa. Basi barua ni uongo. Mshtakiwa anashtakiwa kwa kutoa siri ya jeshi, na uongo hauwezi kuwa siri ya jeshi letu. Naomba aachiwe."

Wale maofisa wawili wasiosema walitazamana. Brigedia Ndomba alifungua jalada, akalifunga, akatangaza mapumziko ya chai. Yalidumu siku tatu.

Siku hizo tatu nilipata usingizi mzuri, maana nilidhani kijana atapona na kila mtu atarudi kwake. Sikuwajua wakubwa wangu, pamoja na miaka yote ile.

Waliporudi walikuja na waraka mpya uitwao Tamko la Uhai. Brigedia alieleza kwa upole wake wa kawaida. Hoja ya Luteni ilikuwa nzuri na ilimpa raha binafsi. Ilikuwa na upungufu mmoja: yule mwanamke bado analia. Maadamu nyumba moja inaamini barua, siri imetoka, na aliyeitoa lazima apigwe risasi. Lakini mke akiapa mbele ya mahakama kwamba mumewe yu hai, avue eda, afunge matanga, asisome arobaini wala hitima nyingine yoyote, na asimtaje tena kwa jina la marehemu, basi siri itakuwa haikumfikia mtu. Hapo Koplo Shomari ataachiwa kwa karipio.

Walimpa saa moja ya kufikiri.

Nilitumwa na fomu kwenye korido. Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kibao, Luteni Esta amechutama mbele yake na sare yake yote. Bi Chausiku walikuwa wamemwacha ndani ya ukumbi, anasubiri.

"Na nikikataa?" Mwanahawa aliuliza.

"Watampiga risasi, dada. Kesho kutwa."

"Kesho kutwa ndiyo arobaini ya Hemedi."

Luteni akaipokea fomu mkononi mwangu.

"Nikisaini, nitakuwa nani? Mjane siyo. Mke wa mtu siyo."

"Utaandikwa mke wa mtu aliye kazini."

Mwanahawa akanigeukia mimi. "Baba karani, hivi wanajua? Hawa wakubwa zako. Wanajua kwamba amekufa?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Nilimwambia kwamba fomu ina nakala tatu.

Aliomba aonane na Koplo. Walimleta na pingu, askari wawili nyuma yake. Hakukaa. Alisema kabla hajaulizwa, "Usisaini, shemeji."

"Watakuua, Shomari."

"Niliandika ili ujue. Ukisaini, nilimwandikia nani?"

"Uliniandikia mimi, na mimi nimeshajua." Alikuwa akilia bila sauti, machozi yanateremka tu. "Ulimzika mume wangu kwa mikono yako. Ulimsalia. Ungetaka niende nyumbani nikiwa nimekuacha hapa ufe, kwa sababu ya kufunga na kufungua kitambaa cha eda?"

"Siyo kitambaa, shemeji."

"Najua siyo kitambaa."

Aliichukua mwenyewe kalamu mkononi mwangu, akasaini.

*

Ilibaki taratibu ndogo. Brigedia Ndomba aliona kwamba tamko la uhai haliwezi kuapwa na mtu aliyevaa eda. Ni kama kukejeli mahakama. Akaagiza mwanamke avae kama anayemtarajia mumewe. Wanawake hatuna katika jengo lile zaidi ya Luteni mwenye sare, kwa hiyo nilitumwa nyumbani kwangu. Nilileta doti ya kanga ya mke wangu, ya rangi ya machungwa, pamoja na wanja na kichupa cha marashi, kama nilivyoagizwa. Mke wangu aliniuliza ni za nini. Nilimwambia za kazini.

Luteni Esta alimpaka wanja Mwanahawa kwenye chumba cha kuhifadhi majalada. Ilibidi ampake mara tatu, kwa sababu ulikuwa ukisombwa na machozi. Alipotoka nilisikia harufu ya nyumba yangu, na sikuweza kumtazama. Hayo ndiyo mafua niliyoyasema.

Aliapa mkono juu. Nilimsomea, naye akafuatisha: kwamba yeye, Mwanahawa binti Sefu, anatamka kwa hiari yake kuwa mume wake yu hai, ni mzima wa afya na yuko kazini. Alipofika kwenye neno hiari alirudia mara mbili kwa kukwama, nami nikaandika mara moja.

Kisha Brigedia Ndomba akasimama, na maofisa wote wakasimama, akatangaza kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake: "Mahakama ya Kijeshi ya Jamhuri ya Shwari, kwa mamlaka iliyopewa, inatamka kwamba Sajini Hemedi Lukuba yu hai."

Kutoka benchi la mwisho tukasikia vigelegele.

Alikuwa Bi Chausiku. Alikuwa amesimama, mtandio umemdondoka begani, anapiga vigelegele na machozi yanamtoka, anawageukia askari wa mlangoni mmoja mmoja na kuwashika mikono. Sote tulikuwa tumemsahau. Hakuna aliyekuwa amemweleza mambo ya vifungu, wala ya koridoni, na sauti ya upole ya Brigedia siku zote ilikuwa haimfikii kule nyuma. Alichosikia ni kwamba watu wakubwa wenye nyota mabegani, waliomchukua mwanawe na ambao bila shaka wanajua aliko, wamekaa siku nyingi wakachunguza, na wamesema yu hai. Mkwe wake ameapa. Tena amevaa kanga.

Brigedia Ndomba alifurahi sana. Aliagiza vigelegele viingizwe kwenye mwenendo wa kesi kama ushahidi wa kuunga mkono, nami nikaingiza.

Mwanahawa alimkimbilia. Akamshika mabega, akafungua mdomo, na Meja Pazi akakohoa. Koplo Shomari alikuwa bado kizimbani, na mlinzi wake bado ana bunduki. Mwanahawa akafumba mdomo.

Bi Chausiku akamtazama, furaha ikamtoka usoni kidogokidogo.

"Kumbe ulijua," alisema. "Siku zote hizi umenilaza chini, umeniliza, umemsomea mwanangu hitima naye yu mzima. Nilikukosea nini, Mwanahawa?"

*

Wiki sita baadaye nilipelekwa nyumbani kwao na nakala ya hukumu. Sheria inataka ikabidhiwe kwa mkono.

Turubai halikuwepo, godoro limerudishwa chumbani. Bi Chausiku alikuwa barazani akipiga rangi viatu vya kiraia vya mwanawe, ngozi imeng'aa. Alinikaribisha kwa bashasha, akanieleza kwamba majirani wote wanampa hongera. Ni kweli walikuwa wakimpa hongera. Pembeni ya duka la mkabala alikaa kijana wa Kikosi cha Upelelezi na daftari lake, na kila jirani aliyepita alisema hongera akiwa ameinamisha uso. Mwanahawa alikuwa uani akichagua mchele kwenye ungo. Amevaa nguo za rangi, kama tamko linavyotaka.

"Mwambie huyo binti alete kiti," Bi Chausiku aliniambia. Alikuwa hatua nne kutoka kwake. Tangu siku ile mahakamani alikuwa hajamsemesha. Mwanahawa alileta kiti, akarudi kwenye ungo wake.

Kabla sijakaa, Koplo Shomari akaingia na mkungu wa ndizi. Alikuwa amepewa karipio kwa uandishi wa barua usiozingatia ukweli, akahamishiwa jiko la kambi ya mjini. Karipio lilikuwa na sharti: siku atakayosema lolote kuhusu Kilima Nane, kesi inafufuliwa. Aliponiona na mkoba wangu wenye nembo alisita mlangoni.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba mwanangu amekufa," alisema Bi Chausiku.

"Ni mimi, mama."

"Serikali imesema ulikosea."

"Nilikosea, mama."

Mwanamke yule alimtazama kwa muda, kisha akasogeza viatu akampisha mkekani. "Basi yamepita. Ujana huo. Keti." Akamshika mkono, kama alivyomshika Sajinitaji Mboneko. "Hawa wa mahakama wamesema, nami nashukuru. Lakini wao walisoma kwenye daftari. Wewe ulikuwa naye huko. Nataka unipe kwa mdomo wako, nilale. Mwanangu hajambo?"

Koplo alinitazama. Ningeweza kumwambia kwamba mimi sitaandika neno, kwamba siku hiyo sikubeba hata kalamu. Nilikuwa nimebeba. Nilitazama viatu. Koplo akamtazama Mwanahawa, na Mwanahawa hakuinua kichwa, vidole vyake vimetulia juu ya mchele.

"Hajambo, mama," Koplo alisema. "Anakusalimu sana."

Bi Chausiku alijifunika uso kwa upindo wa kanga, akacheka humo ndani. Alipojifunua aligeuka kule uani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita akamwita mkwe wake kwa jina.

"Umesikia, Mwanahawa?"

"Nimesikia, mama."